Utunzaji na Ulinzi wa Jengo la Serikali na Viwanja Vyake Tabora na Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya maafisa utawala, wahudumu, mafundi na walinzi wa ofisi za Serikali katika mikoa hii miwili: ofisi za wilaya, halmashauri, mahakama, vituo vya afya na ofisi za kata. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Nani hasa anawajibika na jengo?

Kisheria ni Afisa Masuuli wa taasisi: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, au mwingine kulingana na taasisi. Kwa kazi za kila siku anayebeba mzigo ni Afisa Utawala, na ni muhimu awe amepewa jukumu hilo kwa barua. Jengo lisilo na jina la mtu kwenye barua huharibika haraka, kwa sababu kila anayeona bati limeachia hudhani mwenzake ameshatoa taarifa.

Kama jengo ni la Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) na ninyi ni wapangaji, matengenezo ya muundo, yaani paa, kuta na msingi, msiyaguse kabla ya kuwaandikia. Soma mkataba wa pango kwanza. Mara nyingi balbu, vitasa na usafi ni juu ya mpangaji.

2. Kazi za matengenezo zipangwe miezi gani?

Hili ndilo swali tunalotamani kila ofisi ianze nalo. Tabora na Kigoma zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi, wakati mwingine Oktoba mwishoni, hadi Aprili, na Kigoma mara nyingi huendelea mpaka Mei. Mwaka wa fedha wa Serikali nao huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kati ya fedha mpya na mvua ya kwanza mna miezi minne tu, na ndani ya miezi hiyo lazima mpite kwenye ununuzi.

Kinachokwamisha ofisi nyingi ni kuanza tathmini mwezi Agosti. Fundi anakagua Septemba, makadirio yanapita Oktoba, bati linafika Desemba huku dari limeshalowa. Fanyeni tathmini wakati mvua bado inanyesha, Februari na Machi, maana ndipo uvujaji unapoonekana kwa macho. Wekeni alama ya chaki au rangi mahali panapovuja, pigeni picha, andikeni chumba na tarehe. Makadirio yawe tayari kuingia kwenye bajeti, nyaraka za ununuzi ziandaliwe Mei na Juni, na Julai ombi liingizwe kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao. Kazi za paa zikamilike mwisho wa Septemba. Kazi ndogo zinazofaa kwa fosi akaunti, yaani ofisi kusimamia kazi yenyewe bila mkandarasi, zisingoje zile kubwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za Msimu kabla hazijaanza. Usomeni, kwa sababu mvua ikitabiriwa kuwahi, ratiba yenu nayo inasogea.

3. Tuweke kumbukumbu gani, na ziwe wapi?

Madaftari manne yanatosha kuanzia: daftari la mali (kila kifaa na namba yake, chumba kilipo na hali yake), daftari la matengenezo, daftari la funguo (swali la 12) na daftari la matukio la walinzi (swali la 11). Ongezeni faili moja lenye nakala ya hati ya kiwanja, ramani ya upimaji, michoro ya jengo na ya mfumo wa umeme na maji. Hati halisi ikae kwenye kabati la chuma, nakala ikae kwenye jengo jingine kabisa.

Orodha ya vifaa ibandikwe nyuma ya mlango wa kila chumba, imesainiwa na mtumiaji wa chumba. Mtumishi akihamishwa, makabidhiano yafanyike chumbani, kifaa kwa kifaa, kabla hajapewa barua ya kuondoka.

## Paa, maji na mchwa

4. Paa linavuja. Tuanzie wapi?

Msianze kwa kununua bati. Maji hutembea juu ya mbao za kenchi kabla ya kudondoka, hivyo doa la dari linaweza kuwa mita mbili au tatu kutoka kwenye tundu lenyewe. Panda darini mchana, taa zikiwa zimezimwa, tafuta mwanga unaopenya, kisha fuata alama za maji kwenye mbao kuelekea juu.

Sehemu nne huleta shida karibu zote: misumari iliyolegea au mpira wake kukauka kwa jua, kofia ya paa, bonde ambapo paa mbili zinakutana, na gata zilizoziba kwa majani. Msumari uliolegea usiupigilie tena kwenye tundu lilelile. Ung'oe, weka skrubu ya bati nene zaidi yenye mpira mpya. Lami na silikoni zinafaa kuziba kwa muda mvua ikiwa imeshaanza, lakini zikipigwa jua la Septemba na Oktoba hupasuka.

Gata zisafishwe mwezi Oktoba na tena katikati ya msimu, hasa kama kuna mwembe juu ya paa. Mteremko wake uwe kama sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba la kushushia. Gata iliyo sawasawa kabisa hutuama maji, huzaa mbu na hushika kutu kuanzia ndani.

5. Kigoma tuko kwenye mteremko. Maji ya mlimani yanapiga ukuta wa nyuma kila mvua ikinyesha. Tufanyeje?

Maji yazuiwe kabla hayajafika ukutani. Chimbeni mtaro wa kukinga upande wa juu wa kiwanja, umbali wa mita 3 hadi 5 kutoka kwenye jengo, ukipita kwa mlalo na kutoka pembeni hadi kwenye mfereji wa barabara au korongo lenye mawe. Sakafuni mwa mtaro wekeni mawe yaliyojengewa, maana udongo mtupu kwenye mteremko hukatika na mtaro wenyewe unakuwa korongo. Msielekeze maji kwa jirani wa chini. Mtamjengea mafuriko na mtajijengea kesi.

Kama kuna ukuta wa kuzuia udongo, angalieni matundu yake ya kutolea maji. Yakiziba, maji hujaa nyuma ya ukuta, na ndicho huuangusha. Zibueni matundu hayo kwa nondo kila mwanzo wa msimu. Kandokando ya ukuta wa jengo kuwe na sakafu ya zege yenye upana wa sentimita 60 hadi mita 1, ikiinamia nje.

6. Mchwa wanapanda ukutani hadi masjala. Dawa ipi inafanya kazi?

Tabora ni nchi ya vichuguu, na mchwa hawatakwisha kwenye kiwanja. Mnachoweza ni kuwazuia wasiingie ndani. Ukiona mkondo wa udongo mwembamba kama penseli ukipanda ukutani, uvunje kipande cha sentimita 5 uache. Ukikuta umejengwa upya baada ya siku mbili tatu, wapo kazini. Kuufuta wote kwa ufagio kunaondoa ushahidi tu, maana njia yao halisi iko ndani ya ufa wa msingi.

Kwanza ondoeni chakula na njia. Kuni, mbao chakavu na maboksi visigusane na ukuta. Acheni ukanda mtupu wa angalau mita 1 kuzunguka jengo. Mafaili yasikae sakafuni hata kwa wiki moja. Rafu ziwe za chuma, ya chini iwe sentimita 15 kutoka sakafuni, na migongo ya rafu iache nafasi ya kupitisha mkono kati yake na ukuta ili muweze kuona.

Kisha dawa. Tumieni kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), chenye kiambato kama fipronil au imidacloprid, na fuateni kipimo cha lebo. Nje ya ukuta chimbeni mfereji mwembamba, mimineni mchanganyiko kiasi cha lita 5 kwa kila mita kwa kila sentimita 30 za kina, kisha rudishieni udongo nao ukiwa umetiwa dawa. Ndani, fundi atoboe sakafu kando ya ukuta kila baada ya sentimita 30, amimine, azibe kwa saruji. Wanaopulizia dawa juu ya ukuta peke yake huua mchwa walio safarini tu.

Kazi hii ifanyike kiangazi, mbali na kisima. Anayeichanganya avae glavu, miwani na barakoa yenye kichungi. Oili chafu ya gari isitumike: inanuka, inachafua maji ya ardhini na haizuii mchwa kwa muda mrefu.

7. Tunaweza kutegemea maji ya mvua? Na tanki lisafishweje?

Kama nyongeza ya maji ya bomba, ndiyo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1, na takriban asilimia 80 inaweza kukusanywa. Paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 900 kwa mwaka, linatoa kama lita 144,000. Tatizo ni kwamba zote zinakuja ndani ya nusu mwaka, hivyo kinachoamua ni ukubwa wa tanki. Maji ya mwanzo wa kila msimu yamwagwe kwanza, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Tanki la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Lisikae juu ya matofali yaliyopangwa bila zege. Lisafisheni mara moja kwa mwaka: litoeni maji, sugueni, jazeni, wekeni dawa ya klorini ya maji yenye nguvu ya asilimia 5 kiasi cha lita 1 kwa kila lita 1,000, acheni usiku kucha, fungueni mabomba yote mpaka harufu isikike, kisha mwageni na kujaza upya. Paa la asbesto lina masharti yake (swali la 18).

## Umeme, moto na radi

8. Mitungi ya kuzimia moto: mingapi, ya aina gani, na ikaguliwe vipi?

Pangeni hivi: mtu popote alipo asitembee zaidi ya mita 25 kufika kwenye mtungi. Kwenye korido mtungi wa unga wa kilo 6 au 9 unatosha. Kwenye chumba cha kompyuta na chumba cha mita ya umeme wekeni wa gesi ya kaboni dayoksaidi, kwa sababu unga huharibu vifaa hata kama moto ulikuwa mdogo. Maji yasimwagwe kwenye moto wa umeme.

Kila mwezi mtu mmoja apite aangalie mshale wa geji uko kwenye kijani, pini na lakiri vipo, mpira haujapasuka. Mtungi wa kaboni dayoksaidi hauna geji, huo unapimwa kwa uzito. Mtungi wa unga uliokaa muda mrefu hugandamana chini, hivyo upindue mara chache ukiwa mkononi. Huduma kamili ni kila mwaka, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lifanye ukaguzi wa jengo zima. Namba yao ya dharura ni 114, ibandikwe kando ya kila mtungi. Mtungi uliofungiwa stoo ili usiibiwe hauna kazi.

9. Taa za upande mmoja zinang'aa kupita kiasi na za upande mwingine zimefifia. Ni nini?

Hiyo ni dalili ya waya wa nyutro kuachia au kulegea kwenye mfumo wa fezi tatu. Zimeni mein switch mara moja, msisubiri kumaliza kazi. Dakika chache zinatosha kuunguza kompyuta zote za upande ule. Piga simu TANESCO, na fundi umeme aliyesajiliwa akague upande wenu wa mita.

Sakiti breka inayoruka kila siku isibadilishwe kwa kubwa zaidi. Inaruka kwa sababu waya umezidiwa, na breka kubwa itauacha waya uungue darini. Birika na pasi kwenye ekstensheni moja na kompyuta ndiyo chanzo cha kawaida.

10. Tumefunga kinga ya radi, bado vifaa vinaungua. Kwa nini?

Kigoma na Tabora zina radi nyingi, na kinga hufa kimyakimya. Kwanza, angalieni kama kopa ya kushuka ardhini bado ipo: huibiwa, hasa sehemu ya chini. Pili, maungio hushika kutu. Tatu, ardhi ikikauka ukinzani wa ethi (fimbo na waya vinavyopeleka umeme ardhini) hupanda. Fundi aupime mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba, na usizidi omu 10. Ukizidi, aongeze fimbo za ethi, zikiwa mbalimbali kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo moja, na ziunganishwe.

Hata hivyo, fimbo ya juu ya paa hulinda jengo. Vifaa huungua kwa umeme unaoingia kupitia nyaya za nje, hivyo mnahitaji pia kizuizi cha msukumo wa umeme kwenye mein switch. Kwa jenereta, liwasheni kila wiki dakika 20 hadi 30 likiwa limebeba mzigo halisi. Likiwashwa tupu, mafuta yasiyoungua hujaa kwenye ekzosi.

## Ulinzi

11. Walinzi wangapi wanatosha usiku, na wafanye nini hasa?

Usiku wasipungue wawili, mmoja getini na mmoja wa kuzunguka. Mlinzi mmoja hawezi kuzunguka bila kuacha geti, na akiugua hakuna wa kuita msaada. Iwe mmepata walinzi kupitia SUMA JKT Guard, kampuni binafsi au mmeajiri, mkataba useme idadi ya walinzi kwa kila lindo, vifaa (tochi, filimbi, simu yenye salio, koti la mvua) na nani analipa kikiibiwa kitu.

Makabidhiano ya lindo yafanyike kwa kutembea. Anayeingia na anayetoka wanazunguka pamoja, wanagusa kila kufuli, wanahesabu magari, kisha wote wawili wanasaini daftari la matukio. Sahihi iliyowekwa mezani getini haithibitishi chochote. Mzunguko wa usiku usiwe wa saa zilezile kila siku, kwani anayevizia huhesabu. Taa ziangaze ukuta na uzio, zisimpige mlinzi machoni. Walinzi walipwe kwa wakati. Tunasema hili kwa uzito: mlinzi asiyelipwa miezi mitatu amewekwa mahali ambapo hakuna binadamu anapaswa kuwekwa.

12. Funguo zisimamiwe vipi?

Ubao wa funguo wenye namba, siyo majina ya vyumba, ndani ya kabati linalofungwa. Kila anayechukua anaandika saa na kusaini, anaporudisha vivyo hivyo. Funguo za akiba ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, sahihi mbili zikipita juu ya mfuniko wake, ndani ya sefu. Ufunguo ukipotea, kitasa kibadilishwe siku hiyohiyo. Stoo na masjala ziwe na kufuli mbili kwa watu wawili tofauti.

13. Mwananchi akipiga picha jengo, mlinzi amnyang'anye simu?

Hapana. Mlinzi aulize kwa heshima, amwelekeze mapokezi, aandike kwenye daftari. Pale ambapo eneo limetangazwa kisheria kuwa la ulinzi, kibao kiwepo kinachosomeka, na anayekiuka aitiwe polisi.

14. Bendera ishughulikiwe namna gani?

Hupandishwa saa 12 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni. Kijani kiwe juu upande wa mlingoti, kosa la kuigeuza hufanyika alfajiri ambapo mtu anafunga kamba gizani. Ikiagizwa ipepee nusu mlingoti, ipandishwe kwanza hadi juu kabisa kisha ishushwe nusu. Wakati wa kushusha jioni ipandishwe tena juu kwanza. Iliyochanika au kupauka ibadilishwe.

## Viwanja

15. Watu wameanza kulima na kujenga ndani ya mpaka wetu. Tuanze na nini?

Anzeni na bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa ardhini na mpima. Mwombeni mpima wa halmashauri azitafute kwa kutumia ramani ya upimaji, zilizong'olewa zirudishwe. Kabla ya hapo msiandike barua kali, kwa sababu mara kadhaa uzio wa zamani huwa haukufuata mpaka halisi. Kisha barua kwa mhusika kupitia mtendaji wa mtaa, nakala kwa Afisa Ardhi, na picha zenye tarehe. Mkulima wa msimu apewe muda wa kuvuna. Nyumba iliyofika kwenye lenta ni ngumu mara kumi kuliko msingi, hivyo tembeeni mpaka mzima kila miezi mitatu.

Kwa ofisi za Kigoma zilizo karibu na Ziwa Tanganyika, kumbukeni pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kupanda kwa maji ya ziwa miaka ya karibuni kumeonyesha sababu yake.

16. Mwembe mkubwa unainamia paa. Tuukate?

Mara nyingi kupogoa kunatosha. Miembe ya Tabora ni kivuli cha wananchi wanaosubiri huduma, na mkiukata mtawahamishia juani. Afisa Misitu aukague: shina lenye uvungu, mizizi iliyonyanyuka upande mmoja, au uyoga kwenye shina ni sababu za kuuondoa. Tawi zito likatwe kwa hatua tatu: mkato wa chini kwanza, wa juu mbele kidogo, kisha kisiki karibu na shina. Bila mkato wa chini, tawi hudondoka likichuna gome hadi shinani. Lililo karibu na nyaya waiteni TANESCO.

## Hali zisizo za kawaida

17. Nyuki wameingia darini. Tuwachome?

Msiwachome. Hii ni mikoa ya asali, na wataalamu wako jirani: mpigieni Afisa Nyuki wa halmashauri. Kama wamening'inia kwenye tawi tu bila masega, ni kundi linalopumzika, kwa kawaida litaondoka lenyewe. Fungeni eneo, watu wapite kwingine.

Wakishajenga darini, mfugaji aje jioni na mavazi kamili na bomba la moshi, akate masega, amhamishe malkia kwenye mzinga. Masega yote yatolewe. Asali ikibaki huyeyuka na kulowesha dari, huita siafu, na harufu yake huita kundi jingine msimu ujao. Siku hiyohiyo zibeni matundu ya paa kwa wavu wa milimita 3. Aliyeumwa akivimba uso au kupumua kwa shida apelekwe hospitali bila kusubiri.

Popo nao wasifungiwe ndani. Angalieni machweo wanatokea wapi, tundikeni wavu unaoning'inia juu ya tundu ukiwa wazi chini ili watoke wasiweze kurudi, zibeni baada ya wiki. Msifanye hivyo wakiwa na watoto wasioruka. Kinyesi chao kiloweshwe kabla ya kuzolewa, na anayezoa avae barakoa, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu.

18. Jengo letu lina paa la asbesto. Tulibadilishe sasa hivi?

Likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo kuliko likivunjwa hovyo. Msilitoboe, msilisugue kwa brashi, msikinge maji yake ya kunywa. Likipasuka au ukifika wakati wa kulitoa, wasilianeni kwanza na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), maana ni taka hatarishi. Karatasi huloweshwa, hushushwa nzima bila kutupwa, hufungwa kwa nailoni nene na kupelekwa mahali palipoidhinishwa. Wananchi wasipewe vipande vya kuezekea mabanda.

19. Ofisi yetu ni ya enzi ya Mjerumani. Plasta inabanduka kila mwaka ingawa tunapiga saruji nzuri.

Saruji hiyo ndiyo inayoibandua. Kuta za maboma ya zamani na majengo ya reli ya kati, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, zilijengwa kwa mawe na chokaa. Unyevu hupanda kutoka ardhini na hutokea usoni mwa ukuta. Saruji na rangi ya mafuta huufungia ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, na plasta inaanguka ikiwa na kipande cha jiwe.

Bandueni saruji taratibu kwa patasi, acheni ukuta ukauke kiangazi chote, pigeni plasta ya chokaa: ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga safi, kwa tabaka nyembamba, kila moja ikiloweshwa kwa siku kadhaa isikauke ghafla. Malizieni kwa kupaka chokaa. Kabla ya kugusa milango, madirisha au kuta za jengo la namna hii, waandikieni wasimamizi wa mambo ya kale.

20. Magari mabovu yamejaa uani miaka mingi. Tunaweza kuyauza?

Si kwa uamuzi wa ofisi. Yaingizwe kwenye orodha ya mali za kufutwa, Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA) wafanye ukaguzi na kutoa taarifa ya hali, kisha Afisa Masuuli aombe kibali Wizara ya Fedha kabla ya mnada. Wakati mkisubiri, toeni betri, mwageni mafuta kwenye chombo, fyekeni majani chini yake, na pigeni picha kila gari na vipuri vyake. Bila picha, siku ya mnada injini haipo na hakuna anayeweza kusema ilitoka lini.

21. Tumefika asubuhi, mlango umevunjwa. Hatua za saa ya kwanza ni zipi?

Hakuna anayeingia, hata aliyesahau miwani yake mezani. Mlinzi wa lindo la usiku asiruhusiwe kuondoka kabla ya kutoa maelezo. Iitwe polisi (112), ichukuliwe namba ya RB, yaani namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi. Wakishamaliza kuchukua alama, linganisheni chumba na orodha iliyo nyuma ya mlango (swali la 3), andikeni kilichopotea kwa namba zake. Afisa Masuuli na mkaguzi wa ndani wapewe taarifa ya maandishi siku hiyohiyo. Kompyuta ikiwa imeibiwa, mtu wa TEHAMA abadilishe nywila zote zilizokuwa ndani yake kabla ya saa sita mchana, na vitasa vyote ambavyo funguo zake zilikuwa chumba hicho vibadilishwe kabla ya lindo la usiku kuingia.